Kuitambua Kebo Njema ya Sharp PC-1350

Programu za kompyuta ya mfukoni ya Sharp PC-1350 hukaa kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri. Betri zikifa, programu nazo zimekwenda. Kebo ya kuzihamishia kwenye kompyuta kubwa basi si ya kununua kwa kubahatisha. Na usiisifu kwa sababu tu herufi zimepita, maana hata kebo mbovu hupitisha herufi. Ipime volti zake.

Anza na waya uliotulia. Mashine hii ya mwaka 1984 huzungumza kwa volti kati ya 0 na takribani 5, na isipotuma kitu waya wake hukaa 0. Laini ya RS-232, ile ya bandari ya mfululizo ya kompyuta kubwa, ikitulia hukaa chini ya sifuri, kati ya -5 na -15. Weka mita kwenye pini ya kupokea ya Sharp. Ukikuta 5 wakati hakuna kinachotumwa, fundi ametumia MAX232 peke yake. Chipu hiyo hupindua ishara, kwa hiyo hudai kipinduzi kingine, kama 74HC14, ili mambo yakae sawa. Nyaya za RTS na CTS, zinazoratibu utumaji, nazo zipinduliwe vivyo hivyo.

Pili, ipe mzigo. Kipokezi cha RS-232 kina ukinzani wa kilo-omu 3 hadi 7. Kebo za bei poa huipeleka ishara ya Sharp humo moja kwa moja, na mara nyingi hufanya kazi, kwa kuwa vipokezi vingi huridhika na sifuri. Kanuni, hata hivyo, inadai chini ya -3. Kebo ya namna hiyo itakubali mashine moja na kugoma kwa nyingine. Iliyo njema hutoa angalau 5 pande zote mbili, juu na chini ya sifuri, ikiwa imebeba mzigo.

Tatu, tuma herufi U mfululizo kwa boudi 1200, biti nane bila pariti, ukitazama osiloskopu. Utaona ngazi za kupanda na kushuka kwa zamu, kila moja mikrosekunde 833. Kingo zisimame wima. Zikilegea kama mteremko, waya ni mrefu mno au ukinzani umezidi.

Mwisho, fungua kasha. Volti 12 zikiifikia pini ya Sharp zinaweza kuiua chipu yake, kwa hiyo tafuta rezista na daiodi za kinga. Angalia pia umeme unatoka wapi: kebo inayonyonya betri mbili za CR2032 za mashine inahatarisha programu zilezile unazotaka kuziokoa. Hiyo usiinunue, hata kama imefaulu vipimo vyote vilivyotangulia.