Sun Ray: kisanduku chepesi, mzigo uko wapi?

Hebu fikiria kompyuta isiyo na diski. Unachomeka kadi, na kazi zako zote zinatokea kwenye skrini. Ukichomoa ukaenda kuichomeka kwenye kisanduku cha chumba kingine, unaendelea pale pale ulipoishia, hata kama ni katikati ya sentensi. Hiyo ndiyo Sun Ray, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1999. Kwa ile kadi tu, inastahili sifa.

Lakini tuipime vizuri. Kisanduku kilikuwa na kazi mbili kubwa: kupeleka kwa seva kila unachobonyeza, na kuonyesha picha inayorudi. Hesabu zote zilifanyika kwenye seva. Faida ipo: kikiibiwa, mafaili yako hayaendi nacho, kikiharibika, unaweka kingine na maisha yanaendelea. Ila seva ikizima, darasa zima linazima. Yaani mzigo haukuondoka, ulihamishwa tu.

Halafu kuna umbali. Ndani ya jengo moja huhisi kitu. Sasa weka seva London, wewe uko Dar es Salaam. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa mstari ulionyooka, safari ni kama kilomita 7,500. Kwenda na kurudi 15,000. Hiyo ni milisekunde 75, na bado hatujahesabu mizunguko ya mkongo baharini wala foleni za njiani. Kununua kifurushi kikubwa hakutakuokoa: megabiti nyingi zinapanua barabara, hazifupishi safari.

Oracle iliinunua Sun mwaka 2010, na Sun Ray ikaachwa mwaka 2014. Wazo lake halikufa. Kila unapofungua kompyuta ya mbali kwa RDP au VNC, unatumia wazo lile lile, pamoja na udhaifu wake.

Hukumu yangu? Kwa maabara ambayo seva iko chumba cha pili, ni wazo zuri sana. Kwa hesabu unazoziacha zijiendeshe usiku kucha, hata seva ikiwa mbali, sawa tu. Kwa kuchora kwa mausi kutoka bara jingine, utachoka. Kwa hiyo ukiuziwa mfumo wa aina hii, usiulize megabiti kwanza. Uliza: seva iko wapi, na ikizima, ipo ya pili?