Ufundi wa Kupanga Odi za The Open

Kazi ya mkadiriaji wa gofu ni kumpa kila mchezaji nafasi yake ya kushinda kwa asilimia, kisha kuilinganisha na odi zinazotangazwa na kampuni za kubashiri na kutazama wapi pana pengo. Katika The Open, mashindano makongwe kuliko yote makubwa ya mchezo huo, kazi hiyo inawahusu wachezaji 156 wanaoanza Alhamisi moja ya Julai kwenye uwanja wa pwani huko Scotland, England au Ireland ya Kaskazini. Mashindano ya kwanza yalichezwa Prestwick mwaka 1860 na watu wanane tu, akashinda Willie Park. Kati ya wanane, yeyote mwenye macho angechagua watatu na mshindi akawamo. Kati ya 156 macho hayatoshi. Hapo ndipo ufundi unapoanza, nao unastahili heshima hata ya mtu asiyewahi kuweka dau la shilingi moja.

Mkadiriaji mzuri huanza na ardhi. Majina huja baadaye. Viwanja vya The Open ni vya aina ya linksi: ardhi ya mchanga iliyo kati ya bahari na mashamba, isiyofaa kilimo, yenye vilima vidogo vya mchanga na nyasi nyembamba ngumu. Maji ya mvua hunywewa upesi na mchanga, kwa hiyo udongo hukauka na kuwa mgumu, na mpira ukishatua huendelea kubingirika mbali. Viwanja vingi vya Marekani, ambako wachezaji bora hushindana karibu kila wiki ya mwaka, hunyweshwa maji hadi vikawa laini. Mpira hupigwa juu sana ukaangukia palepale ulipolengwa. Kwenye linksi mpira uliopigwa hivyo hubebwa na upepo. Mchezaji hulazimika kuupiga chini, autue mita 30 kabla ya grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, auachie mwinuko wa ardhi umalizie kazi. Pia kuna banka, mashimo ya mchanga yenye kuta zilizosimama wima, ambamo bingwa wa dunia anaweza kulazimika kupiga mpira kurudi nyuma ili tu atoke.

Mfano wa wazi wa ardhi kuamua mambo ni Royal Liverpool, uwanja unaojulikana zaidi kwa jina la Hoylake, mwaka 2006. Majira hayo ya joto yalikuwa makavu na nyasi zilikuwa zimebadilika rangi kuwa kahawia. Tiger Woods, mmoja wa wapigaji wa mbali wa zama zake, alitazama mabanka yaliyotegwa pale ambapo mpira wa draiva ungefikia, akaamua kuiacha fimbo hiyo mfukoni. Katika mashimo 72 ya siku nne aliitumia mara moja tu. Alianza kila shimo refu kwa fimbo za chuma au fimbo ndogo za mbao, akabaki nyuma ya mabanka, kisha akapiga kuelekea grini kutoka mbali kuliko wenzake. Alishinda kwa mikwaju miwili mbele ya Chris DiMarco. Aliyekuwa ameshika jedwali la urefu wa mapigo pekee hakujua kwamba wiki hiyo urefu haukuwa na bei. Mwaka 2023 kwenye uwanja uleule, mvua ikinyesha siku ya mwisho, Mmarekani Brian Harman, mfupi wa kimo na si mpigaji wa mbali, alishinda kwa mikwaju sita kwa sababu alikuwa hakosi puti fupi, yaani mapigo ya kuubingirisha mpira kwenye grini hadi shimoni. Kwa hiyo hata jina la uwanja halitoshi. Lazima ijulikane hali yake mwaka huo.

Mpangilio wa mashimo nao una neno lake. Royal Troon huanza kandokando ya bahari na kwenda mbali kwa mashimo tisa, kisha hurudi. Upepo wa kawaida wa pale humsukuma mchezaji wakati wa kwenda na kumkabili usoni wakati wa kurudi. Anayeongoza Troon baada ya mashimo tisa hajafanya lolote bado, na odi zake zikishuka sana saa hiyo, mkadiriaji anajua kwamba soko limesoma namba bila kusoma ramani. Muirfield ni tofauti: mashimo tisa ya kwanza huzunguka kwa nje na tisa ya pili kwa ndani, upande wa kinyume, hivyo upepo humjia mchezaji kutoka pembe mpya karibu kila shimo. Troon kuna sehemu ya kuchuma na sehemu ya kuvumilia. Muirfield humtaka mtu mwenye kila aina ya pigo.

Kinachoumiza kichwa zaidi, na chenye utamu zaidi kwa mwenye fani, ni saa ya kuanza. Kwa desturi ya The Open wachezaji wote huanzia shimo la kwanza, watatu watatu, kuanzia alfajiri hadi alasiri. Aliyeanza asubuhi Alhamisi huanza mchana Ijumaa, na wa mchana hugeuziwa asubuhi. Pwani ya Uingereza inaweza kutulia asubuhi na kuchafuka mchana, na hapo nusu ya wachezaji huwa wamecheza mchezo mmoja na nusu nyingine mchezo mwingine kabisa. St Andrews mwaka 2010, Rory McIlroy alipiga mikwaju 63 Alhamisi, mojawapo ya raundi bora katika historia ya mashindano hayo. Ijumaa mchana upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba mchezo ulisimamishwa kwa zaidi ya saa moja; akamaliza na 80. Louis Oosthuizen wa Afrika Kusini alikuwa ameanza mapema asubuhi ile na kumaliza raundi yake ya 67 kabla ya hali kuchafuka. Jumapili alishinda kwa mikwaju saba. Kusema kwamba saa ilimpa kombe ni kumwonea, maana pengo lile alilijenga mwenyewe mpaka mwisho. Lakini mkadiriaji aliyeangalia utabiri wa hali ya hewa angejua tangu Jumatano jina lipi la kupunguzia asilimia na lipi la kuongezea.

Hakuna aliye mkubwa kuliko upepo huo. Mwaka 2002 Woods alifika Muirfield akiwa ameshinda mashindano mengine mawili makubwa ya mwaka huo, Masters na US Open, na baada ya siku mbili alikuwa mikwaju miwili tu nyuma ya vinara. Jumamosi mchana dhoruba ya mvua na baridi ilimkuta uwanjani, akapiga 81. Siku iliyofuata, jua likiwa limerudi, alipiga 65. Ni mtu yuleyule na fimbo zilezile.

Baada ya ardhi na anga ndipo hupimwa wachezaji. Chombo kikuu cha siku hizi kilitokana na kazi ya Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, na PGA Tour, msururu wa mashindano ya kulipwa wa Marekani, ilianza kukitumia rasmi kwa puti mwaka 2011. Wazo lake ni jepesi: kila pigo hulinganishwa na wastani wa mapigo ambayo wachezaji wa kulipwa huhitaji kutoka pale mpira ulipolala. Puti ya mita mbili na nusu hivi huingizwa mara moja kati ya mbili, hivyo wastani wake ni mapigo 1.5. Anayeiingiza amejipatia nusu pigo. Anayeikosa na kumalizia kwa ya pili amepoteza nusu. Mapigo yote ya raundi yakijumlishwa hivyo, huonekana kama mtu alipata faida yake kwenye pigo la kwanza la shimo, kwenye fimbo za chuma, pembeni ya grini au kwenye puti. Mkadiriaji hazipi sehemu hizo uzito sawa. Umahiri wa fimbo za chuma hudumu miezi, na puti huja na kuondoka. Mchezaji aliyeshinda wiki mbili zilizopita kwa sababu kila puti iliingia atakuwa na odi ndogo, na ndiye wa kwanza kutiliwa shaka.

Takwimu hizo zina upofu wake, kwa kuwa nyingi hukusanywa kwenye viwanja laini. Ndiyo maana Scottish Open, inayochezwa wiki moja kabla, hufuatiliwa kwa makini: mwaka 2013 Phil Mickelson aliishinda kwenye linksi ya Castle Stuart, akaenda Muirfield akashinda The Open. Uzoefu wa pwani hupunguza nguvu ya umri pia. Greg Norman aliongoza Birkdale mwaka 2008 zikiwa zimechezwa raundi tatu, akiwa na miaka 53. Mwaka uliofuata Tom Watson, mwenye miaka 59 na mataji matano ya The Open, alikosa puti ya ushindi kwenye shimo la mwisho la Turnberry na kushindwa na Stewart Cink katika mashimo ya ziada. Hata hivyo Collin Morikawa alishinda Royal St George's mwaka 2021 katika The Open yake ya kwanza. Uzoefu una uzito, lakini si sheria.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa karibu. Seve Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, na mwaka uliofuata akatwaa The Open huko Royal Lytham. Mtu angeshawishika kuunganisha mambo hayo mawili. Lakini Nairobi iko juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi. Ushahidi wa huko hausemi mengi kuhusu pwani ya Lancashire. Ushahidi wa maana ulikuwa Birkdale mwaka 1976, pale Ballesteros alipomaliza katika nafasi ya pili pamoja na Jack Nicklaus akiwa na miaka 19. Kujua ushahidi upi wa kutupa ni nusu ya kazi hii.

Ikishapatikana asilimia, linakuja suala la bei. Waliozoea mikeka ya mpira wa miguu Dar es Salaam au Nairobi husoma odi kwa desimali, na Waingereza wengi bado huziandika kwa sehemu: 20/1 kwao ni 21.00 kwenye mkeka. Kugawa 1 kwa 21 hutoa takriban asilimia 4.8, na hiyo ndiyo nafasi ambayo bei inadai mchezaji anayo. Mkadiriaji aliyempa asilimia 7 ameona thamani. Aliyempa 3 hupita, hata kama anampenda mchezaji huyo. Odi za kampuni zikigeuzwa hivyo zote, jumla yake huzidi 100, na ziada hiyo ndiyo faida ya kampuni. Huonekana vizuri kwenye dau la wachezaji watatu wanaocheza kundi moja: wote wakiwa sawa na kila mmoja akipewa 2.60, kila bei inadai asilimia 38.5, jumla 115.4. Kwa The Open nzima ziada hiyo mara nyingi huwa kubwa zaidi, kwa sababu imejificha ndani ya majina 156, hasa yale ya mkiani yanayovutia kwa odi nene. Wakadiriaji wakongwe huandika asilimia zao kwanza, wakahakikisha zinajumlika 100, ndipo wakafungua ukurasa wa odi. Anayeanza na odi huishia kuzinakili. Na ambaye dini yake inamkataza kamari anaweza kuifanya hesabu hii yote na kuishia hapo. Hajapungukiwa na kitu cha ufundi.

Waingereza wana dau lingine la nusu kwa nusu: nusu kwa ushindi, nusu kwa kumaliza ndani ya nafasi za juu, tuseme nane, kwa moja ya tano ya odi. Pauni 20 kwa mchezaji wa 40/1 hugawanywa kumi na kumi. Akimaliza nafasi ya saba akiwa sare na wengine watatu, nafasi mbili zilizobaki zinagombewa na watu wanne, hivyo dau la nafasi hukatwa nusu: pauni tano kwa 8/1 hurudisha 45 pamoja na dau lake, na kumi za ushindi zimekwenda. Wengi hugundua kanuni hiyo ya sare siku ya kulipwa. Kwenye gofu sare ni jambo la kila wiki, kwa hiyo lazima iingizwe kwenye hesabu mapema.

Yako matokeo ambayo hakuna hesabu ingeyafikia. Ben Curtis alikuwa wa 396 kwenye orodha ya ubora wa dunia aliposhinda mwaka 2003. Carnoustie mwaka 1999, Jean Van de Velde alisimama kwenye tii, mahali pa pigo la kwanza, ya shimo la mwisho akiwa mbele kwa mikwaju mitatu. Angeweza kutumia mikwaju sita na bado ashinde. Alitumia saba, akiwa amevua viatu na kuingia kwenye kijito kuutazama mpira wake, na kombe likaenda kwa Paul Lawrie, aliyeanza siku hiyo akiwa nyuma kwa mikwaju kumi. Aliyempa Van de Velde asilimia 95 pale kwenye tii hakukosea. Vivyo hivyo, aliyemtaja Scottie Scheffler kuwa mshindi wa mwaka 2025 huko Portrush hakufanya la ajabu, kwa kuwa alikuwa namba moja wa dunia na ndiye aliyepewa odi ndogo kuliko wote.

Kipimo cha haki kwa mkadiriaji ni kama wale wote aliowapa asilimia 5 hushinda mara moja kati ya ishirini hivi. The Open huchezwa mara moja kwa mwaka, hivyo haiwezi kutoa jibu hilo peke yake. Daftari lake hukaguliwa kwa mashindano ya msimu mzima, mwaka baada ya mwaka, na asiye na daftari hapaswi kuaminiwa.