Mara ya Kwanza, Kalamu Chini

Kwa miaka kadhaa, wanafunzi wa Uingereza waliosoma somo la vyombo vya habari chini ya bodi ya mitihani ya OCR walikuwa na mtihani ulioanza kwa kutazama televisheni. Msimamizi aliwasha kipande cha tamthilia ambacho hawakukijua mapema, cha dakika nne au tano, akakirudia hadi mara nne. Mara ya kwanza hakuna aliyeruhusiwa kuandika chochote. Baada ya hapo ndipo walipoanza kuandika vidokezo, kisha wakaandika insha ya kueleza namna kamera, uhariri, sauti na mpangilio wa vitu ndani ya picha vilivyowachora watu wa kundi fulani: wanawake, vijana, maskini, watu wenye ulemavu, watu wa mkoa fulani.

Mitaala ya huko ilibadilishwa na mtihani ule ukaondolewa. Mimi bado nautumia hapa Juba, Sudan Kusini, na vijana wachache wanaosomea uandishi wa habari, ambao huja jioni na kompyuta zilizoshinda kwa jirani mwenye sola zikichajiwa. Nauthamini kwa sababu ya ile amri ya kuweka kalamu chini. Mtu aliyeshika kalamu hutafuta cha kuandika, na anayetafuta cha kuandika huona kile alichokwisha kukariri. Asiye na kalamu hana budi kutazama tu, na kutazama ni ufundi kama ufundi mwingine wowote, wenye mkono wa mwanagenzi na mkono wa fundi.

Juba ina mtaji wake katika ufundi huu, ingawa hakuna aliyewahi kuuhesabu kuwa mtaji. Kaa kwenye kibanda cha chai Malakia au Konyokonyo, penye televisheni na dishi. Mara nyingi utakuta tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiarabu cha Syria, mtindo ulioshika kasi tangu stesheni ya MBC ilipoonyesha tamthilia ya Noor mwaka 2008. Kiarabu kile sicho cha hapa. Wakibadilisha stesheni, kuna ya Nairobi au ya Kampala, na waliokulia ukimbizini Kenya au Uganda huwatafsiria wenzao nusu nusu, wakiruka wanapochoka. Basi mtazamaji anapata theluthi ya maneno. Theluthi mbili zilizobaki anazisoma usoni, kwenye nguo, kwenye mlango uliofungwa polepole. Na hapotei! Muulize kesho nani anamdanganya nani, atakueleza mpaka chai ipoe.

Mwaka 2012 mambo yaligeuka. Kundi la South Sudan Theatre Company, likiongozwa na Joseph Abuk na Derik Uya Alfred, lilicheza Cymbeline ya Shakespeare kwa Kiarabu cha Juba katika ukumbi wa Globe, London, kwenye tamasha la tamthilia 37 kwa lugha 37. Nchi yenyewe ilikuwa haijatimiza mwaka tangu uhuru. Safari hiyo ni Waingereza waliopaswa kufuata mchezo kwa macho, na ni mchezo wao wenyewe.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kijana wa Juba aanze na orodha ya istilahi. Aanze na anachokiona. Kuna kipande nakitumia mara kwa mara, cha tamthilia moja ya Nairobi. Mfanyakazi wa ndani amepiga magoti akipangusa meza ya kioo. Mama mwenye nyumba anashuka ngazi. Kamera imewekwa chini, usawa wa ndoo, na kinachoingia kwanza kwenye picha ni viatu vya mama, vyenye visigino virefu. Mama anaanza kufoka kuhusu pesa zilizopotea. Kinafika dakika mbili hivi.

Jibu la haraka hutoka kabla sijasimamisha picha: kamera iko chini, kwa hiyo mama ana nguvu. Si uongo. Ila ni jibu la kununua dukani. Mtu angeweza kuliandika bila kukitazama kipande. Kila kitabu cha mwongozo kinalo, na watahini wamelisoma mpaka limewatoka puani.

Jioni moja, baada ya jibu hilo, tukarudia. Mara ya tatu binti mmoja, aliyesomea shule ya msingi Kakuma, kambi ya wakimbizi ya Kenya, akauliza, "Mwalimu, mbona hawakati?" Ni kweli. Mama anafoka sentensi nzima nzima na mhariri hatupeleki usoni kwake hata mara moja. Tunabaki na mfanyakazi. Mama ni ukungu nyuma ya bega lake, sauti bila uso. Mkono wa mfanyakazi unaendelea kupangusa pale pale, mahali ambapo kioo kimeshatakata. Tangu Mrusi Lev Kuleshov aoanishe uso ule ule wa mwigizaji na bakuli la supu, kisha na jeneza, watu wakaona hisia tofauti kila mara, tumezoea kusema maana huzaliwa kwenye mkato. Hapa imezaliwa kwa kuninyima mkato nilioutarajia. Anayetoa amri ni mama, lakini aliyepewa picha ni mwingine.

Halafu nikafunika kioo cha kompyuta kwa daftari, tukasikiliza tu. Hapa ndipo vijana wa Juba huniacha nyuma. Wamelelewa na redio. Radio Miraya iko hewani tangu 2006, na wengi wao walikuwa watoto Sawa Shabab, mchezo wa redio wa kuhimiza amani, ulipoanza mwaka 2014. Masikio yao yamezoea kujenga nyumba nzima kutokana na mlango mmoja unaolia. Tulilazimika kungoja jenereta ya ng'ambo izimwe kwanza, maana ilimeza kila kitu. Ilipozimwa, kijana mmoja wa mji wa Yei akasema kitambaa kina sauti kubwa kuliko mama. Tukarudia, na kweli: ule mkwaruzo wa kitambaa kwenye kioo umewekwa karibu na sikio letu, na kufoka kwa mama kumesukumwa mbali kidogo, kama kunatoka chumba cha pili. Katika sebule ya kweli haiwezekani. Mtu alikaa mezani na mashine yake akaamua iwe hivyo.

Hapo sasa ndipo neno la kitaalamu lina kazi, kwa sababu kuna kitu cha kukipa jina. Na hata mtihani wenyewe ulilijua hilo. Katika alama 50 za insha ile, 20 zilikuwa za hoja na uchambuzi, 20 za mifano kutoka kwenye kipande, na 10 tu za istilahi. Wanafunzi wengi walijiandaa kinyume: wiki nzima kwenye zile kumi, usiku mmoja kwenye arobaini.

Kipande hicho kilizua ubishi. Binti wa Kakuma alishikilia kwamba mkono unaopangusa kioo kisafi ni woga: mfanyakazi hathubutu kuacha. Kijana wa Yei akasema ni ukaidi: anaendelea ili asilazimike kuinua macho na kujibu. Nilimwachia kila mmoja robo saa aandike aya moja, akianza na kitambaa. Binti aliandika vizuri, lakini alimaliza mifano yake kwenye mstari wa pili, akaanza kuzungumzia mateso ya wafanyakazi wa ndani kwa jumla, mambo ya kweli ambayo hayamo ndani ya kipande. Kijana alibaki humo humo mpaka mwisho: kitambaa, mkwaruzo, uso usioonyeshwa, na ndoo, ambayo mimi nilikuwa sijaona kwamba imesimama kati ya viatu vya mama na magoti ya mfanyakazi tangu picha ya kwanza. Nilimpa yeye alama nyingi zaidi, ingawa kuhusu ule mkono naona binti ndiye aliyekuwa sahihi.