Waya wa Kunyoosha Meno Ulivyoingia Kwenye Mzizi

Mgonjwa akiambiwa gego lake litatibiwa mzizi badala ya kung'olewa, huwaza sindano ya ganzi na bei. Daktari huwaza kona. Mzizi wa mbele wa gego la kwanza la chini kwa kawaida una mifereji miwili membamba, nayo hupinda kuelekea nyuma kadiri inavyokaribia ncha. Kazi ni kuipanua, kuisafisha na kuiziba bila kuipotezea njia yake.

Kwa miongo mingi ilipanuliwa kwa mkono, kwa vijitupa vya chuma cha pua. Tupa namba 25 ina kipenyo cha milimita 0.25 nchani, na kila ukipanda milimita moja kuelekea mpini, unene unaongezeka kwa milimita 0.02. Sehemu ya kukata ina urefu wa milimita 16, hivyo juu kabisa unene umefika 0.57. Namba 10 haina ubishi, inafuata mfereji popote uendako. Ukifika 25 au 30, chuma kimeshanenepa na kinataka kunyooka. Kwenye ncha kinaula ukuta wa nje wa kona. Katikati ya mzizi kinaula ukuta wa ndani, ule unaotazama mzizi wa nyuma, na hapo ndipo mzizi ulipo mwembamba zaidi. Daktari akikazana, anatokea upande wa pili, ndani ya mfupa.

Ufumbuzi ulitoka mbali na kiti cha meno. Mwishoni mwa miaka ya 1950 William Buehler, mtaalamu wa metali katika maabara ya silaha ya Jeshi la Majini la Marekani, alikuwa akifanyia kazi mchanganyiko wa nikeli na titani. Metali hiyo ina tabia ya ajabu: ukiivuta hata kwa asilimia 8 ya urefu wake, inarudi ilivyokuwa, ilhali chuma cha pua hakivumilii hata asilimia 1 kabla ya kubaki kimepinda. Katika miaka ya 1970 George Andreasen wa Iowa aliipeleka kwa wanaonyoosha meno, kwa sababu waya wake husukuma jino polepole bila kuchoka. Mwaka 1988 Harmeet Walia, William Brantley na Harry Gerstein walichapisha jaribio ambalo ukilitazama leo unashangaa lilichelewa wapi: walichukua waya huohuo wa kunyoosha meno, wakautengeneza kuwa tupa namba 15, wakaupinda na kuusokota. Ulinyumbuka mara mbili hadi tatu zaidi kuliko tupa ya chuma ya ukubwa uleule.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka, nami naona ndilo lililoamua mengi yaliyofuata. Tupa ya chuma hutengenezwa kwa kusokota waya wenye pembe tatu au nne mpaka kingo zake zizunguke kama nyuzi za kamba. Nikeli-titani huwezi kuifanyia hivyo, kwa kuwa ukiiachia inajisokotoa. Ile sifa uliyoitafuta ndiyo inayokukatalia kiwandani. Ikabidi makali yake yakerezwe kwa mashine, na ukerezaji huacha mikwaruzo midogo juu ya metali, na kila mkwaruzo ni mahali pa ufa kuanzia. Watengenezaji walianza kusugua uso wa tupa kwa umeme na kuipasha metali joto kwa mahesabu. Mwaka 2008 ndipo ilipoingia sokoni tupa ya nikeli-titani iliyosokotwa kweli, baada ya kupashwa joto hadi hali ya kati ambamo metali inakubali umbo jipya.

Kunyumbuka huko kuliruhusu kitu ambacho chuma kisingeruhusu kwenye kona, yaani mota. Katika miaka ya 1990 tupa zilianza kuzunguka mfululizo ndani ya mzizi, mara nyingi kama mizunguko 300 kwa dakika. Fanya hesabu. Hiyo ni mizunguko mitano kwa sekunde, na katika kila mzunguko upande wa tupa ulio nje ya kona unavutwa na ulio ndani unabanwa, kisha vinabadilishana. Sekunde 20 kwenye kona moja ni mara 100. Tupa ya chuma ikizidiwa, mara nyingi utaona makali yake yamefunguka, ukaitupa. Ya nikeli-titani inaweza kukatika ikiwa bado inaonekana mpya. Ndiyo maana kabla ya mota daktari hupita kwanza kwa mkono na ile namba 10 ya chuma, kufungua njia.

Halafu kuna suala la tupa yenyewe kusafisha. Mwaka 1965 Kakehashi, Stanley na Fitzgerald waliwatoboa meno panya waliolelewa bila vijidudu kabisa, na panya wa kawaida. Kwa panya wa kawaida kiini cha jino kilioza. Kwa wale wasio na vijidudu kilijijengea ukuta mpya na kupona. Adui, basi, ni bakteria. Mwaka 2001 Ove Peters na wenzake walipiga picha za tomografia za mizizi kabla na baada ya kupanuliwa, na kila mbinu waliyoijaribu iliacha asilimia 35 au zaidi ya ukuta wa mfereji bila kuguswa. Kinachofika kwenye sehemu hizo zisizoguswa ni dawa: hipokloriti ya sodiamu, ileile iliyomo kwenye Jik ya kufulia, ingawa naomba mtu asijaribu nyumbani. Tupa inachimba njia ili dawa ipite.

Kwa hiyo mashine haikuwamaliza mabingwa wa fani hii, endodontia, ambayo chama chake cha Marekani kiliundwa mwaka 1943 na ikatambuliwa huko kuwa ubingwa mwaka 1963. Iliwahamisha. Mzizi ulionyooka sasa unatibiwa vizuri na daktari wa kawaida mwenye mota. Bingwa, aliyesoma miaka miwili au mitatu zaidi baada ya shahada, hupelekewa yaliyokwama: mfereji wa nne wa gego la kwanza la juu, uliopo katika zaidi ya nusu ya magego hayo na ambao hauonekani kirahisi bila hadubini, jino lililozibwa zamani likarudisha jipu, na kipande cha tupa kilichokatikia kwenye kona, kinachotolewa kwa mitetemo midogo, saa nzima, macho kwenye hadubini. Sehemu ya kazi yao, kusema kweli, imezalishwa na kifaa kilichokusudiwa kuwapunguzia.

Swali la kivitendo ni tupa itumike mara ngapi. Uingereza ilielekeza mwaka 2007 kwamba tupa za mizizi zitumike kwa mgonjwa mmoja tu, kwa hofu ya protini za ugonjwa wa ubongo ambazo joto la kuulia vijidudu haliziondoi kwa uhakika. Uchovu wa metali haukuwa sababu, ila ulipunguzwa papo hapo. Penye bajeti ndogo tupa hurudi kwenye mashine ya mvuke na kutumika tena, na mvuke hauwezi kufuta mizunguko iliyokwisha kupita. Kliniki inayofanya hivyo inahitaji daftari: tupa ipi, mizizi mingapi, iliyopinda kiasi gani. Iliyopita kwenye kona kali, mimi ningeitupa siku hiyohiyo.