Kuunda cha Mwenzio

Katika barabara inayopanda kutoka Nyabugogo kwenda katikati ya Kigali, lori dogo la mizigo hupimwa kweli. Limesheheni ndizi au saruji, dereva keshashusha gia, na dizeli inanguruma. Likiwa na nembo ya Isuzu, basi lina nasaba ambayo wengi hawaijui. Babu yake hakuwa Mjapani, alikuwa Mwingereza. Na kabla ya kuunda magari, ukoo huo ulikuwa ukiunda mashine za kunyolea kondoo.

Kampuni ya Frederick Wolseley ilianzia Sydney, Australia, ikahamia Birmingham mwaka 1889. Msimamizi wake, Herbert Austin, ndiye aliyeanza kujaribu magari humo, na mwaka 1901 kampuni ya Vickers ikaichukua kazi hiyo na kuifanya kampuni ya peke yake. Miaka 17 baadaye kiwanda cha meli cha Ishikawajima, Tokyo, kikanunua haki ya kuunda na kuuza magari ya Wolseley katika Asia ya Mashariki. Gari la abiria, A-9, lilikamilika mwaka 1922. Mwaka 1924 likafuata lori la tani moja na nusu, CP, na hilo ndilo lililoibeba kazi nzima. Serikali ya Japani, kwa sheria ya mwaka 1918, ilitoa ruzuku kwa malori ambayo jeshi lingeweza kuyachukua vita vikizuka, na CP lilifaulu majaribio yake.

Wahenga walituonya kwamba amwigaye tembo hupasuka msamba. Wapo wanaoitumia methali hiyo kulikebehi kila gari lililoundwa kwa leseni: si letu, ni la kuazima, tumefunga boliti tu. Mimi nakusudia kumsifu huyo mfunga boliti. Kuunda kwa mchoro wa mwenzio ni ufundi kamili, na ni mgumu kuliko unavyoonekana, kwa sababu mchoro hausemi kila kitu. Hukuambia upana wa silinda, usikuambie mchanga wa kalibu uwe na unyevu kiasi gani ili chuma kinachosubiwa kisitoke na vinyweleo. Hukuonyesha springi ina vyuma vingapi, lakini ule moto wa kukipa chuma ugumu bila kukifanya kivunjike, fundi huujua kwa jicho na kwa hasara. Anayenunua leseni hununua nusu ya elimu. Nusu ya pili huchumwa karakanani, na hakuna mkataba unaoweza kuiuza.

Wajenzi wa meli wa Tokyo waliichuma wakiwa katika shida. Septemba 1923 tetemeko kubwa liliibomoa Tokyo. Njia za tramu zilipoharibika, watu wakaona thamani ya gari linalokwenda bila reli. Faida kubwa ikawaendea Wamarekani: Ford wakaanza kuunganisha magari Yokohama mwaka 1925, na General Motors wakafungua kiwanda Osaka mwaka 1927. Mwaka huohuo Ishikawajima wakaagana na Wolseley, ambayo nayo ilikuwa imefilisika na kununuliwa na William Morris. Mwanafunzi akabaki peke yake na alichojifunza. Malori yake yakapewa jina la Sumida, mto wa Tokyo. Mwaka 1934 likaja jina la mto mwingine, Isuzu. CP moja imehifadhiwa na kampuni hiyo huko Fujisawa, na ingali inawaka.

Mtu akitaka kujua leseni imegeuka lini kuwa elimu, naona atazame matoleo. Mwaka 1929 Wasovieti walifanya mkataba na Ford, na Januari 1932 lori la kwanza la mkataba huo likatoka Nizhny Novgorod, nalo la tani moja na nusu. Punde mafundi wakaanza kulichezea: likazaliwa la ekseli tatu, la kumwaga mchanga, basi dogo, gari la wagonjwa, hata la kutumia gesi ya kuni badala ya petroli. Vita vilipokaza na chuma kikaadimika, wakatoa toleo lenye taa moja, bila breki za mbele, na turubai mahali pa milango. Kujua cha kuondoa na gari likaendelea kwenda kunadai kulielewa hadi mifupa, pengine kuliko kujua cha kuongeza.

Kwetu historia hiyo imeshafika. General Motors Kenya iliundwa mwaka 1975, mwaka uleule ambao jina la Wolseley lilitoweka kwenye magari mapya ya Uingereza. Malori ya Isuzu yakaunganishwa Nairobi, na mwaka 2017 Wajapani wakazinunua hisa za Wamarekani, kampuni ikawa Isuzu East Africa. Ila lori la Nairobi halivuki mpaka wa Rwanda likawa limefika nyumbani. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda huendesha kulia. Usukani ukihamishwa, huhama na pedali, dashibodi, mabomba ya breki na vipangusio vya kioo. Kisha kuna bodi: chasisi na kabini vikitoka kiwandani, nyuma hujengwa na mchomeleaji wa hapa, anayejua kwamba mzigo wa matofali huadhibu sakafu na mzigo wa ng'ombe huadhibu ubavu. Katika karakana za Gatsata, hapa Kigali, huwezi kumwambia fundi kwamba gari ni kitu kilichokwisha kuundwa. Kwake kila gari ni toleo ambalo bado linaendelea.

Tarehe 27 Juni 2018 Volkswagen ilifungua kiwanda chake Masoro, katika eneo maalumu la viwanda la Kigali, kikianza na Polo zinazofika zikiwa zimeundwa nusu. Waliocheka kwamba huko ni kufunga boliti walisema kweli, ila wakaishia njiani. CP nayo ilianza kwa mtu kufuata mchoro wa mwingine. La kuwauliza wenye Masoro ni kama kijana anayefunga boliti leo ataruhusiwa kesho kuuliza kwa nini iko hapo, na keshokutwa kuihamisha. Ishikawajima waliruhusiwa kwa sababu walikuwa wameilipia leseni ya kuunda na kuuza, na ruzuku iliwapa muda wa kukosea. Kigali ina mikono tayari, na iko Gatsata, katika jiji lilelile la Masoro. Kiwanda kinachotaka kuwa shule kianze kwa kuwafungulia mlango mafundi hao.