Aliyebaki Upande wa Kulia

Machozi ya Wayne Gretzky yameonyeshwa mara nyingi kiasi kwamba hata mtu asiyefuatilia hoki ya barafuni huenda amewahi kuyaona. Ilikuwa tarehe 9 Agosti 1988, mjini Edmonton, Kanada. Gretzky alikuwa na miaka 27, nahodha wa Edmonton Oilers, ametoka kunyanyua Kombe la Stanley, taji la ligi, kwa mara ya nne na hajamaliza hata mwezi tangu afunge ndoa. Peter Pocklington, mwenye timu, alimpeleka Los Angeles Kings pamoja na Marty McSorley na Mike Krushelnyski. Naye alipokea Jimmy Carson, kijana Martin Gélinas, haki ya kuchagua chipukizi watatu katika raundi ya kwanza ya miaka iliyofuata, na dola za Marekani milioni 15. Mbunge Nelson Riis aliitaka serikali ya Kanada iuzuie mpango huo. Haikuuzuia.

Katika mkasa huo wote, mtu ninayemfuatilia mimi ni mwingine. Upande wa kulia wa Gretzky, kwa misimu minane, alikuwa akicheza Jari Kurri, Mfini mzaliwa wa Helsinki, jezi namba 17. Oilers walimchagua mwaka 1980 akiwa wa 69 kwenye orodha ya chipukizi, baada ya timu nyingine kumpita zikidhani angebaki kwao Finland. Alikuja, akawekwa pembeni ya yule bwana, na mabao yakaanza kumiminika: 52, kisha 71, kisha 68 yaliyomfanya aongoze ligi nzima msimu wa 1985–86. Sehemu kubwa ya mabao hayo ilianzia kwenye gongo la Gretzky. Kwa hiyo Agosti ile swali lilikuwa wazi hata kama halikuulizwa kwa sauti: mtoaji akiondoka, mpokeaji ana thamani gani?

Sisi tuliolelewa na kandanda tumezoea usajili wa namna nyingine. Klabu mbili zikipatana bei, mchezaji bado ana kalamu yake mkononi. Asipotia saini, haendi. Katika NHL, ligi yao ya hoki, mkataba wenyewe ndio unaohama, na mtu anaufuata. Asipokuwa na kifungu cha kumkinga, anaweza kuamka mchezaji wa mji mmoja na kulala mchezaji wa mji mwingine. Kuhusu Gretzky watu wanabishana hadi leo ni kwa kiasi gani mwenyewe alikubali kwenda. Kuhusu aliyebaki hakuna ubishi. Yeye haulizwi lolote. Msimu ukifika anaingia chumba cha kuvalia, anakuta mahali pa jirani yake pana mtu mwingine au pako wazi, na anatakiwa acheze vilevile.

Kazi ya Kurri ilikuwa kazi ngumu inayoonekana rahisi, na ndiyo maana husifiwa nusunusu. Uwanja wa hoki una urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26. (Msomaji wa Nairobi aliyewahi kuingia ukumbi wa barafu wa Hoteli ya Panari, walikokulia vijana wa timu ya hoki ya Kenya Ice Lions, aliona uwanja mdogo zaidi, aukuze kichwani.) Goli lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, na sehemu kubwa ya tundu hilo imezibwa na kipa aliyevaa mito mwili mzima. Badala ya mpira kuna kisahani cheusi cha mpira mgumu, kizito kama gramu 170. Tofauti na kandanda, nyuma ya goli kuna nafasi ya kuchezea, na hapo ndipo Gretzky alipopenda kukaa na kisahani chake. Akiwa huko, kipa analazimika kugeuza shingo, mabeki wanageuka pia, na kwa sekunde moja au mbili watu wote wa ulinzi wanatazama upande usio na hatari. Hatari inakuja kwa mbele, kutoka kwa mtu ambaye hawamtazami.

Mtu huyo hapaswi kuonekana mapema. Winga akisimama mbele ya goli na kusubiri, beki atamkumbatia, atamsukuma, atamkalia gongo lake. Kurri hakusubiri. Alizurura pembezoni kama mpita njia sokoni asiye na fedha ya kununua, halafu ghafla alikuwa pale, katika upenyo ambao sekunde iliyotangulia ulikuwa mtupu na sekunde inayofuata ungejaa watu. Kufika mapema ni kosa sawa na kuchelewa. Watu husema Gretzky alikuwa na macho kisogoni. Sawa, lakini macho hayo yalihitaji kitu cha kuona.

Kisha kuna shuti lenyewe, na hapa naomba nikae kidogo. Kurri hakuwa na desturi ya kutuliza. Alipiga kisahani kikiwa bado kinatembea, na kupiga hivyo kunataka gongo liwe limeshainuliwa kabla pasi haijafika, na uzito wa mwili uwe umeshaanza kuhama toka mguu wa nyuma kwenda wa mbele. Mti wa gongo unapogandamizwa kwenye barafu unapinda, na unapojinyoosha ndipo kisahani kinaporuka. Mambo haya yote yanaanzishwa kwa imani tu, maana wakati yanaanza kisahani bado kiko kwa mwenzako. Ukikosea kidogo gongo linapiga hewa na uwanja mzima unacheka.

Kwa nini ajitie kwenye hatari hiyo badala ya kutuliza kwanza? Kwa sababu ya kipa. Pasi inayokatiza mbele ya goli inamlazimisha ateleze kutoka mlingoti mmoja hadi wa pili, na binadamu hatelezi kwa kasi ya pasi. Akipewa nafasi ya pumzi moja tu, yaani mpigaji akituliza, atawahi. Akinyimwa, atakuwa bado njiani, miguu imeachana, na tundu analoliacha haliwezi kuzibika. Mamia ya mabao ya Kurri yalikuwa ya namna hiyo. Ukiyatazama haraka utasema kila kitu kilifanywa na mpasi, na huyu alichomekea tu. Yatazame polepole uone alikotokea.

Upande wake wa pili ulisahaulika zaidi. Oilers wa miaka ile walishambulia kwa wingi hata wakasahau kwao, na Gretzky mwenyewe alipenda kutangulia mbele kuwinda kisahani kilichopotea. Lazima mtu arudi. Kurri alirudi. Alimfuata winga wa wapinzani hadi langoni kwake, akamnyang'anya kisahani kwa gongo bila kumgusa, na shambulizi likageuka. Timu ilipocheza pungufu kwa adhabu, aliingia yeye na Gretzky, wakazuia na kufunga humohumo. Mwaka wa mabao yake 71 alipewa tuzo ya Lady Byng, inayotolewa kwa mchezaji anayeunganisha uwezo na uungwana. Wafungaji wengi wa kiwango kile huachiwa kuwa wavivu. Huyu aliachiwa kazi ya mwenzake.

Sasa tarakimu, kwa kuwa swali la Agosti ni la tarakimu. Msimu wa mwisho na Gretzky, 1987–88, Kurri alifunga 43 na kutoa pasi za mabao 53. Msimu wa kwanza bila yeye alifunga 44 na kutoa 58, jumla pointi 102, akaingia kikosi cha pili cha nyota wa ligi. Mkosoaji atadai kwamba 1987–88 Gretzky aliumia na kukosa mechi 16, kwa hiyo kipimo kilikuwa kimeshuka tayari. Ana haki. Ataongeza kwamba 71 hazikurudi tena. Hilo pia ni kweli, na ni kichekesho kudai kwamba mpasi bora wa zama zote hakuwa na tofauti. Alikuwa nayo. Ninachokiona mimi katika tarakimu hizo ni mchezaji anayebadilisha uwiano wake. Katika misimu ile ya 71 na 68 mabao yake yalizidi pasi zake. Polepole, na kwa kweli ilianza hata kabla ya Agosti ile, pasi zikayapita mabao, na msimu wa 1989–90 zilifika 60 dhidi ya mabao 33. Aliyekuwa akingoja kulishwa alikuwa amejifunza kulisha.

Mlinganishe na Jimmy Carson, nami simlinganishi kwa kumdharau. Carson alikuja Edmonton akiwa na miaka 20, ametoka kufunga mabao 55 huko Los Angeles, na katika msimu wake wa kwanza kwa Oilers alifunga 49 na kufikisha pointi 100. Mbili pungufu ya Kurri! Kwa mizani yoyote ya kawaida huo ni usajili uliofana. Lakini kila bao lake lilipimwa kwa mtu aliyeondoka, na mzigo ule haukuwa wa kijana wa umri huo. Msimu uliofuata ulipoanza aliomba aondoke, na Novemba 1989 akapelekwa Detroit, karibu na nyumbani kwao. Carson alitakiwa kuwa Gretzky. Kurri alitakiwa kuendelea kuwa Kurri, na nafasi hiyo, ingawa haina vigelegele, ina hewa ya kutosha ya kupumulia.

Mwaka wa kwanza uliishia vibaya hata hivyo. Aprili 1989 Oilers na Kings walikutana raundi ya kwanza ya mtoano, Oilers wakaongoza kwa mechi 3 dhidi ya 1, na wakapoteza tatu zilizobaki. Mabingwa walitolewa na yule waliyemuuza. Ukitaka hadithi ya kisasi, ishike hiyo, ni tamu na fupi.

Mwaka uliofuata ni mrefu zaidi kusimulia, kwa sababu ulijengwa na watu wengi. Mark Messier, nahodha mpya, alifikisha pointi 129 na kutwaa tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye thamani kubwa kwa timu yake, akimpita Ray Bourque wa Boston kwa kura chache mno. Carson alikuwa ameleta badala yake Petr Klíma, Joe Murphy na Adam Graves, na hao wawili wa mwisho pamoja na Gélinas, mtoto wa ule mpango wa Agosti, wakawa safu ya vijana iliyowachosha mabeki wazee. Kings walikutwa tena, safari hii wakafagiliwa mechi 4 kwa 0, huku Esa Tikkanen, Mfini mwingine, akiwa amemganda Gretzky kama ruba.

Fainali ilikuwa na Boston Bruins. Mechi ya kwanza ilikwenda hadi muda wa tatu wa nyongeza, ikawa ndefu kuliko zote katika historia ya fainali, na aliyeimaliza ni Klíma, ambaye alikuwa amekaa benchi kwa muda mrefu wa usiku ule. Ya pili, hapohapo Boston Garden, ilikuwa ya Kurri. Uwanja ule wa zamani ulikuwa mdogo kuliko kawaida, nafasi finyu, muda wa kufikiri haba, mahali pabaya kwa mtu anayeishi kwa kupata upenyo. Alifunga mabao matatu na kutoa pasi za mabao mbili, Oilers wakashinda 7–2. Kombe likaja Edmonton kwa mara ya tano. Tuzo ya mchezaji bora wa mtoano alipewa kipa Bill Ranford, na sina ugomvi na hilo.

Halafu biashara ikamfikia yeye. Alishindwa kuelewana na Oilers kuhusu mkataba, akaenda Milan, Italia, akacheza huko msimu mzima wa 1990–91. Mei 1991 haki zake zilipelekwa Philadelphia na siku ileile zikasogezwa Los Angeles, kwa Gretzky. Wale waliodai kwamba Kurri alikuwa zao la Gretzky sasa walipata jaribio ambalo maisha hayatoi mara nyingi: mrudishe pale pale uone. Msimu wa kwanza wa kuungana tena alifunga 23 na kumaliza na pointi 60, idadi ndogo kuliko zote alizokuwa nazo NHL hadi hapo. Umri ulikuwa umesogea, timu haikuwa ile, na mwaka wa Italia ulikuwa umemtoa kwenye mwendo, sababu zipo. Lakini dawa iliyosemwa kuwa ndiyo iliyomfanya awe alivyokuwa haikufanya kazi.

Msimu uliofuata mgongo wa Gretzky uliharibika, akakosa karibu nusu ya kwanza ya ratiba. Kings, chini ya kocha mpya Barry Melrose, walihitaji mtu wa katikati, mtu wa kushika kisahani na kuwagawia wengine. Walimtoa Kurri kwenye winga ya kulia aliyoichezea miaka yote na kumweka hapo, akiwa na miaka 32. Alicheza karibu msimu wote, akamaliza na mabao 27 na pasi za mabao 60, na Gretzky aliporejea, Los Angeles walifika fainali ya Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika historia yao.