Iliyooshwa Ikatakata

Arabika ya Maguu, kule milimani Umatengo, ikifika mbele ya mnunuzi wa nje hupewa sifa ya maneno mawili: "fully washed". La pili ni kitenzi cha kutendwa kilichogeuzwa kivumishi. La kwanza, "full" lililotiwa mkia wa "-ly", linakisindikiza. "Wash" ni neno kongwe, jamaa wa "waschen" la Kijerumani, na limebeba peke yake kazi ambazo sisi tumezigawa: nguo hufuliwa, vyombo huoshwa, mtu hunawa mikono. Kahawa tumeiweka pamoja na vyombo.

Muundo huo umedondosha mengi. Mtenda hayumo, wakati haumo, maji yalikotoka hayasemwi. Kumbe kazi ni ndefu. Kahawa mbivu humenywa siku ileile ilipochumwa, kisha mbegu huvundikwa tangini siku moja au mbili mpaka ute uachie. Msimamizi huchota konzi moja, akazifikicha. Zikiteleza, bado, zikikwaruza kama changarawe, tayari. Ndipo zinasuuzwa na kuanikwa vichanjani. "Fully" yote imo katika mkwaruzo ule, ila neno lenyewe halikwaruzi.

Tukisema "kahawa ya kuoshwa" tunapata ufupi na kupoteza uhakika: huenda imeshaoshwa, huenda inasubiri zamu. "Iliyooshwa" inaondoa shaka. "-li-" inataja wakati, na "-w-" inamwachia msomaji nafasi ya kuuliza: na nani?

Inabaki "fully". Mtu wa ofisini ataandika "kikamilifu", na hatakuwa amekosea. Ameandika tu kitu ambacho hakuna anayekisema akiwa na ndoo mkononi. Mimi ningeandika "iliyooshwa ikatakata". Hapo ukamilifu haukupachikwa pembeni, umekuwa tukio la pili, limeungwa kwa "-ka-": kuosha kwanza, kutakata kukafuata. Tena "takata" haihitaji mtenda. Baada ya mikono yote ile, kahawa yenyewe ndiyo inayotakata.

Ni ndefu mno kwa gunia, nakubali, na wasafirishaji watabaki na Kiingereza chao. Ila wanayo pia "semi-washed", kahawa ambayo haikupitishwa hatua zote, na kwa hiyo wamelazimika kutafuta kiambishi kingine. Kwetu ingetosha kuishia kwenye "iliyooshwa", "-ka-" isije.